Teke la Salt Lake City na Injili ya Dakika ya Mwisho

Kuna mahubiri yanayozunguka katika mikesha ya sala na katika simu za vijana wetu, nayo yamejengwa juu ya teke moja. Mhubiri huonyesha video fupi: mtu aliyekaribia kushindwa anainua mguu wa kushoto, na bingwa wa dunia anaanguka chali kama mti uliokatwa. Kisha mhubiri hupaaza sauti: hivyo ndivyo Mungu atakavyokutendea wewe, umeshindwa raundi zote, lakini dakika yako ya mwisho yaja! Ukumbi mzima huitika amina. Sisi hatuitiki. Tumeitazama video hiyo, tumelitazama na pigano zima ambamo ilikatwa, na tumefuatilia yaliyowapata watu wale wawili baadaye. Nasi tunasema wazi kwamba mahubiri hayo ni uongo, tena uongo wenye madhara, kwa kuwa yanawafundisha vijana kumngojea Mungu mahali ambapo hakuahidi kukutana nao.

Tuanze na yaliyotokea, maana wengi wanaolihubiri pigano hili hawajawahi kulitazama lote. Tarehe 20 Agosti 2022, katika mji wa Salt Lake City nchini Marekani, Kamaru Usman aliingia kutetea mkanda wa uzito wa welter, yaani uzito usiozidi kilo 77, katika UFC, kampuni iliyo kubwa kuliko zote katika mapigano ya mchanganyiko ambayo vijana huyaita MMA. Usman ni mzaliwa wa Auchi, Nigeria, aliyehamia Texas akiwa mtoto. Alikuwa ameushika mkanda huo tangu tarehe 2 Machi 2019, ameutetea mara 5, na hakuwa amepoteza hata pigano moja ndani ya kampuni hiyo: alikuwa ameshinda yote 15. Ushindi mmoja zaidi ungemfikisha alipofika Mbrazili Anderson Silva, aliyeshinda mara 16 mfululizo. Mpinzani wake, Leon Edwards, alizaliwa Kingston, Jamaika, akakulia Birmingham, Uingereza. Usman alikuwa amekwisha kumshinda mara moja, mwezi Desemba 2015.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Edwards. Alimwangusha Usman chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika kampuni ile, akampanda mgongoni. Halafu raundi ya pili, ya tatu na ya nne zikawa za bingwa: alimbana mwenzake kwenye wavu, akamwangusha, akamchosha. Mji ule uko zaidi ya mita 1200 juu ya usawa wa bahari, na wengi walisema kwamba pumzi ya Edwards ilimwishia kwa sababu hiyo. (Sisi tuliozoea kupanda vilima vya Goma na Bukavu tunaruhusiwa kutabasamu kidogo hapa.) Kabla ya raundi ya mwisho, mwalimu wake alimkaripia kwa sauti ambayo dunia nzima iliisikia, akimtaka aache kujihurumia. Majaji wote watatu walikuwa wameandika 39 kwa 37 upande wa Usman. Zilikuwa zimebaki sekunde 56. Edwards akarusha mkono wa kushoto kama mtu anayetaka kupiga ngumi. Usman akainamisha kichwa pembeni ili aukwepe. Mguu wa kushoto, uliokuja nyuma ya mkono huo, ukakikuta kichwa palepale kilipoinamia. Pigano likaisha.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa tuangalie mhubiri anachokikata kwa mkasi.

Kwanza anakata miaka. Leon Edwards alikuwa na umri wa miaka 13 baba yake alipopigwa risasi na kuuawa katika ukumbi wa starehe mjini London. Kijana akaanza kuelekea njia ya magenge ya mtaani. Akiwa na miaka 17, mama yake alimpeleka katika chumba cha mazoezi kilichokuwa karibu na kwao, akitafuta mahali pa kumtoa barabarani. Neno hilo tungependa lihubiriwe, lakini hatujalisikia likihubiriwa popote: mama mjane, mhamiaji, anayetafuta mlango wa kumwokoa mwanawe, halafu mwanawe anauingia mlango huo kila siku. Baada ya kushindwa na Usman mwaka 2015, Edwards alipigana mara 10 bila kushindwa. Kati ya Julai 2019 na Machi 2021 alikaa miezi 20 bila pigano, mapigano yake yakifutwa moja baada ya jingine wakati wa janga la korona, na aliendelea kufanya mazoezi. Mkono unaodanganya na mguu unaofuata si ufunuo. Ni somo la kawaida katika vyumba vya mazoezi, linalorudiwa mbele ya mfuko mzito mpaka mwili ulijue bila kuulizwa. Mwalimu aliyemkaripia usiku ule alikuwa akimkumbusha kazi waliyokwisha kuifanya.

Mtu atatuambia: ninyi mnaiondoa neema. Hapana. Tunairudisha mahali pake. Kanisa limefundisha tangu zamani, na Mtakatifu Thoma wa Akwino alilieleza vizuri kuliko wengi, kwamba neema haiji kuyafuta maumbile ya mtu wala kazi yake, huja kuyakamilisha. Iko katika mama yule aliyemshika mwanawe mkono. Iko katika asubuhi ambazo hakuna kamera. Anayeitafuta katika sekunde 56 tu atayakosa yote yaliyotangulia, kisha, sekunde zake zitakapopita bila teke, atadhani kwamba Mungu amemwacha.

Na hapa ndipo tunapolaumu kwa nguvu zaidi. Someni upya masimulizi ya vishawishi vya Bwana wetu jangwani. Shetani alimpandisha juu ya mnara wa hekalu, akamshauri ajitupe chini ili malaika wamdake mbele ya macho ya watu. Je, hayo si mahubiri ya dakika ya mwisho? Yezu alikataa. Na juu ya msalaba, waliopita njia walimdhihaki wakimtaka ashuke ili wamwamini. Dakika ya mwisho ilifika Golgota, na hakuna teke lililopigwa. Alikufa. Imani yetu inasimama juu ya kaburi tupu la siku ya tatu, baada ya kifo kukubaliwa hadi mwisho, wala si juu ya kuponyoka sekunde 56 kabla ya kengele. Mhubiri anayewaahidi vijana wa Ijumaa Kuu ushindi wa kushtukiza kabla ya jua kutua amekwisha kuuruka msalaba, hata kama anaushika mkononi anapohubiri.

Kisha anamkata Usman. Katika mahubiri hayo Usman hana jina. Ni Goliati tu, ni lile tatizo lako. Lakini yule aliyelala chini Salt Lake City macho yakiwa wazi bila kuona alikuwa mtoto wa Auchi, mwana wa wahamiaji, aliyejifunza mieleka shuleni na kuwa bingwa wa vyuo vya daraja lake mwaka 2010, na aliyesema hadharani jinsi magoti yake yalivyochakaa kwa kazi hiyo. Je, Mungu alimchukia usiku ule? Mungu anayepaswa kumpiga mtoto mmoja kichwani ili amfurahishe mwingine hatumjui. Usman mwenyewe alimpongeza mshindi, nasi tunaona katika pongezi hizo Ukristo mwingi kuliko katika kelele za mahubiri, ingawa hatujui lolote kuhusu sala zake.

Mahubiri haya yana ndugu wa damu, naye anaitwa pari. Sisi tunaoishi katika mitaa yetu tunaviona vibanda vyake: kijana anaingia na franka alizotumwa kununulia unga, anatoka na tikiti. Anachokiamini ni kilekile kilichohubiriwa usiku wa kuamkia Jumapili, kwamba historia ya mtu hugeuka kwa tukio moja lisilotazamiwa, na kwamba kazi ya mwenye imani ni kuwapo pale linapotokea. Pigano la Usman na Edwards limewaharibu wengi kwa namna hiyo, kwa kuwa wachache walioweka fedha yao kwa Edwards walipata, na habari za wanaopata husafiri mbali kuliko habari za wanaopoteza. Hatusemi kwamba mhubiri na mwenye kibanda wamekubaliana. Tunasema kwamba wateja wao ni walewale, na kwamba mmoja anamwandalia mwingine udongo.

Kuna kundi jingine ambalo halikushangilia usiku ule, lililia. Kwa vijana wengi wa Afrika, Usman alikuwa mmoja wa wafalme watatu: yeye, Israel Adesanya aliyezaliwa Lagos, na Francis Ngannou wa Kamerun. Kati ya mwaka 2021 na 2022 wote watatu walishika mikanda kwa wakati mmoja. Kisha Usman akaanguka Agosti 2022. Adesanya akapigwa na Alex Pereira mjini New York tarehe 12 Novemba. Na Januari 2023 Ngannou akaachana na kampuni, mkanda wake ukatangazwa kuwa hauna mwenyewe. Haikupita miezi 5, ufalme ukaisha. Adesanya aliurudisha wake Aprili 2023 na kuupoteza tena Septemba, lakini enzi yenyewe ilikuwa imekwisha.

Tunawaelewa waliolia. Fahari ya kumwona Mwafrika akiwa wa kwanza duniani si dhambi. Lakini sisi Wakongo tulipaswa kuwa wa kwanza kuuliza ufalme huo ulikuwa mali ya nani, kwa maana somo hili tulifundishwa nyumbani kwetu. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8, na ulimwengu wote ulishangaa kama ulivyoshangaa Salt Lake City. Kila bondia aliahidiwa dolari milioni 5, na aliyezitoa ni serikali ya Mobutu. Ali aliondoka na mkanda, Mobutu akabaki na picha zake, na raia wakabaki na nyimbo. Uwanja ule leo unaitwa Tata Raphaël, kwa heshima ya Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut aliyejenga shule na viwanja kwa ajili ya vijana wa mji ule. Kila tukisikia jina hilo tunakumbuka kwamba uwanja ulijengwa ili vijana wacheze, na kwamba usiku wake uliotangazwa kuliko yote ulikuwa wa mtu aliyetaka kuonekana.

Basi wapenzi wa mchezo wanapouliza mustakabali wa uzito wa welter ni upi, nani ataurithi ufalme wa Usman, sisi tunawajibu kwamba swali lenyewe limepinda. Tazameni mkanda ulivyotembea. Edwards alimshinda Usman tena mjini London, Machi 2023, na safari hii hapakuwa na teke la ghafla. Majaji ndio walioamua baada ya raundi 5. Desemba mwaka huo alimshinda Colby Covington. Julai 2024, Manchester, akanyang'anywa na Belal Muhammad, mzaliwa wa Chicago mwenye asili ya Palestina. Muhammad hakuutetea hata mara moja: Mei 2025, mjini Montreal, ulichukuliwa na Jack Della Maddalena wa Australia. Naye hakuutetea hata mara moja: Novemba 2025, mjini New York, ukaenda kwa Islam Makhachev wa Dagestan, aliyekuwa bingwa wa uzito ulio chini ya huo. Mtu mmoja alikaa kitini miaka mitatu na nusu. Katika miaka mitatu na kidogo iliyofuata waliketi wanne. Mashabiki husema daraja limekosa mrithi. Sisi tunadhani daraja halimhitaji mrithi. Kampuni huuza jina lake yenyewe, na bingwa anayedumu mno humfanya mtazamaji alikumbuke jina la mtu.

Ni nani anayechagua nani apigane na nani? Katika mpira wa miguu timu hupanda kwa pointi, na hata asiyependwa na mtu hupanda akishinda. Katika kampuni hii mkanda ni mali ya kampuni, na kampuni ndiyo inayomwita mtu mezani. Muhammad alikaa miaka mingi bila kushindwa akiingojea nafasi yake. Covington hakuwa amepigana tangu Machi 2022, na bado alitangulizwa mbele yake. Kwa nini? Kwa kuwa Covington anajua kutukana, na matusi huuza tiketi. Siku chache kabla ya pigano la Desemba 2023, mbele ya waandishi wa habari, alimdhihaki Edwards kwa kumtaja baba yake aliyeuawa, kwa maneno ambayo hatutayaandika katika ukurasa huu. Edwards alimrushia chupa ya maji. Sisi tunaotoka katika utamaduni ambamo marehemu huombewa na jina lake kutajwa kwa kicho, hatuwezi kulipita jambo hilo kama mzaha wa wanamichezo. Maumivu ya yatima yaliwekwa sokoni, na pigano likafanyika kama lilivyopangwa.

Na fedha? Hapa vijana wetu hudanganywa kuliko popote, kwa sababu wanaoonyeshwa ni wale wawili au watatu wenye magari. Tangu Desemba 2014 baadhi ya wapiganaji waliishtaki kampuni hiyo katika mahakama ya Marekani, wakidai kwamba iliutawala mchezo kiasi cha kuwanyima mahali pengine pa kuuza kazi yao, na hivyo kuwalipa chini ya haki. Katika kesi hiyo ilidhihirika kwamba wapiganaji walikuwa wakipata takriban sehemu moja ya tano ya mapato, ilhali wachezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, ambao wana chama chao, hupata karibu nusu. Mwaka 2024 kampuni ilikubali kulipa dolari milioni 375 ili kesi iishe, na hakimu akaidhinisha Februari 2025. Fedha hizo zinawahusu waliopigana kati ya Desemba 2010 na Juni 2017. Pigano la kwanza la Usman na Edwards limo ndani ya miaka hiyo. Miezi michache baadaye, Agosti 2025, ilitangazwa kwamba haki za kuonyesha mapigano hayo nchini Marekani zimeuzwa kwa dolari bilioni 7.7 kwa miaka saba. Kama mtu anataka kujua mustakabali wa daraja, asianze na jina la bingwa ajaye. Aulize ni kiasi gani cha bilioni hizo kitafika mikononi mwa wanaopigwa.

Kati ya wale wafalme watatu, mmoja aliuliza. Francis Ngannou alifanya kazi katika machimbo ya mchanga huko Batié akiwa mtoto. Vijana wa Rubaya na Kolwezi hawahitaji kuelezwa maana yake. Alivuka jangwa, akafika Morocco, akavuka bahari, akafungwa Hispania, akalala nje mjini Paris. Alipokuwa bingwa wa uzito wa juu, na kampuni ikataka kumwongezea mkataba, aliomba fedha zaidi, ndiyo, lakini aliomba na mengine: bima ya afya kwa wapiganaji, uhuru wa kuwa na wadhamini wao, na mtu wa kuwasemea wanapokutana na wakubwa. Hakukubaliwa, akaondoka na kuuacha mkanda. Mahubiri juu ya teke la Edwards tumeyasikia mara nyingi. Mahubiri juu ya ombi la Ngannou hatujayasikia hata mara moja, ingawa Papa Leo wa 13 aliandika waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891 juu ya mambo hayohayo, mshahara wa haki na haki ya wafanyakazi kuungana, na Papa Yohane Paulo wa Pili akafundisha katika Laborem Exercens, mwaka 1981, kwamba kazi ya mtu inatangulia mtaji. Papa wetu wa sasa alipolichagua jina la Leo alieleza kwamba alimkumbuka yule Leo wa 13. Mbona basi katika vikundi vyetu mafundisho haya yanabaki kabatini, na video ya nusu dakika ndiyo inayosomwa kama somo la Jumapili?

Najua… la, tunajua, kwa kuwa tunaandika wengi, kwamba wazazi wetu katika jumuiya watatushangilia hapa na kusema: sawasawa, basi ondoeni kabisa michezo hii ya kupigana katika kumbi za parokia. Hapo tunaachana nao pia. Wana hoja nzito, hatuzipuuzi. Tangu mwaka 1928, daktari Harrison Martland wa Marekani alipoeleza ugonjwa wa mabondia waliopigwa kichwani kwa miaka mingi, hakuna anayeweza kusema kwamba hajui ubongo unavyoharibika. La Civiltà Cattolica, jarida la Wajesuiti wa Roma, lililaumu vikali ngumi za kulipwa mwaka 2005. Mchezo ambao ushindi wake mkamilifu ni kuizima akili ya mwenzako una neno la kujibu mbele ya amri ya tano, na sisi hatujasikia jibu linaloturidhisha. Lakini Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wakorinto, hakuona haya kujilinganisha na mpigana ngumi na mkimbiaji, na waraka wa Vatikani wa mwaka 2018 juu ya michezo unautambua mchezo kuwa mahali ambapo mtu mzima, mwili na roho, hujifunza kutoa kilicho bora ndani yake. Judo, tangu ilipoanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882, hufundisha kwanza jinsi ya kuanguka bila kuumia, kisha jinsi ya kumwangusha mwenzako bila kumvunja. Katika mji ambamo mvulana wa miaka 15 huitwa kushika bunduki, chumba ambamo anafundishwa kuzuia nguvu zake si cha kufungwa ovyo. Mama yake Edwards angewaambia hivyo.

Tunachokataa ni kingine. Tunakataa pigano la zawadi ya fedha ndani ya ukumbi wa parokia, hata likiitwa la kuchangia ujenzi wa kanisa. Tunakataa tikiti za pari mlangoni. Tunakataa kijana aliyepigwa akazimia arudishwe mazoezini Jumamosi inayofuata kwa sababu hakuna daktari wa kumzuia. Na tunakataa mwalimu anayewaambia watoto waache shule kwa kuwa Ulaya inawangoja. Wakongo wamefika huko: Marc Diakiese, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Uingereza, na Dalcha Lungiambula, aliyetoka katika judo akapitia Afrika Kusini. Wote wawili walikuwa wapiganaji wa kweli, wenye nguvu na nidhamu, na hakuna kati yao aliyewahi kupigania mkanda wa kampuni ile. Tunawataja kwa heshima, kwa sababu wao ndio walio wengi katika mchezo huu, na wao ndio wasioonyeshwa katika mikesha.

Kwa viongozi wa vikundi tuna ombi moja. Mkitaka kuwaonyesha vijana teke la Salt Lake City, waonyesheni dakika zote 24, pamoja na karipio la mwalimu na raundi ya kwanza ambayo kila mtu huisahau. Kisha waonyesheni usiku wa tarehe 15 Novemba 2025 mjini New York. Usiku huo Leon Edwards, mwenye umri wa miaka 34, alipigana na Carlos Prates wa Brazil, akapigwa ngumi katika raundi ya pili, akaanguka kama Usman alivyoanguka. Baadaye usiku uleule, katika ukumbi uleule, Islam Makhachev alifungwa kiunoni mkanda ambao ulikuwa wa Edwards, na matangazo yakaendelea.